Matege ya mtoto huanza pale jua lisipofika

WENGI wetu hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kilichokufa, mfano wa kijiti kilichofunikwa kwa nyama. Huenda ni kwa sababu tumezoea kuuona ukiwa sahanini. Kumbe mfupa ulio ndani ya mwili hai una damu, una neva, huuma, hujitengeneza ukivunjika, na kwa mtoto huwa bado haujawa mfupa kamili.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike juma hili. Katika kliniki yangu hapa Eastlands haupiti mwezi kabla sijaletewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miwili, miguu imejipinda kama upinde. Mama huwa ameshaambiwa na majirani kwamba alimbeba mgongoni mapema mno, au nepi zilikuwa nene, au watu wote wa upande wa babake wako hivyo hivyo. Mara nyingi sababu si mojawapo ya hizo. Ili tuielewe, hatuna budi kuanzia mbali kidogo, tumboni mwa mama.

Katika juma la 6 hivi tangu mimba kutungwa, kiumbe kilicho tumboni hakina hata mfupa mmoja. Kilicho nacho ni vielelezo vya mifupa vilivyofinyangwa kwa gegedu, yaani ile sehemu ngumu inayopindika ambayo utaihisi ukishika sikio lako au ncha ya pua. Kila kielelezo tayari kina umbo la mfupa utakaokuja baadaye. Kuanzia juma la 7, mishipa ya damu hujipenyeza humo ikileta seli za kujenga mfupa, na gegedu huanza kuondolewa kidogo kidogo na mahali pake kuwekwa mfupa. Si mifupa yote inayofuata njia hiyo. Mifupa bapa ya fuvu hujengwa moja kwa moja kutokana na utando laini, bila kupitia gegedu. Wa kwanza kabisa kuanza kuwa mgumu ni mtulinga, ule mfupa ulalao chini ya shingo kuelekea begani. Ajabu ni kwamba huo huo ndio wa mwisho kukamilika, mwenyewe akiwa amepita miaka 20 na ushee.

Mtoto huzaliwa akiwa na vipande vya mifupa vinavyokaribia 300, ilhali mtu mzima ana mifupa 206. Hakuna iliyopotea njiani. Vipande huungana kadiri mtoto anavyokua. Mathalani, mfupa ulio chini kabisa ya kiuno, nyuma, ni mitano iliyoungana ikawa mmoja. Fuvu la mtoto mchanga lina nafasi kati ya mfupa na mfupa ili liweze kujibana wakati wa kuzaliwa, kisha litanuke ubongo unapokua. Ule utosi unaopwita juu ya kichwa hufunga aghalabu kati ya miezi 9 na 18, na kwa wengine karibu na miaka 2. Na pia ya goti? Mtoto huzaliwa ikiwa gegedu tupu. Hugeuka mfupa akiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 6, kwa hivyo yule anayetambaa sakafuni kutwa nzima hutambaa juu ya kitu laini.

Nusu yote ya mifupa ya mtu, na zaidi, iko mikononi na miguuni. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kila wayo una 26. Jumla ni 106.

Nondo na simiti

Anayetaka kuona mfupa ulivyojengwa na aende soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, amwombe muuza nyama ampasulie mfupa wa paja la ng'ombe kwa urefu. Ataona ganda la nje ambalo ni gumu na limeshikamana. Kwenye ncha ataona kitu kama sifongo, vijumba vidogo vidogo vilivyotenganishwa na vijiti vyembamba. Vijiti hivyo havikupangwa ovyo. Hufuata njia ambayo uzito wa mwili hupitia. Katikati kuna uwazi wenye uboho. Baadhi ya uboho ni mafuta tu, lakini ule mwekundu, ambao kwa mtu mzima umo zaidi katika mifupa ya nyonga, mbavu, kifua na uti wa mgongo, ndio kiwanda cha damu yetu.

Kuna jaribio ambalo mwenye watoto wa shule anaweza kulifanya jikoni. Chukua mfupa wa paja la kuku, usafishe, uuloweke ndani ya siki kwa siku 5 hivi. Ukiutoa utaupinda kama mpira bila kuvunjika. Chukua mwingine uuchome motoni mpaka uwe mweupe. Huo utapukutika kama chaki. Siki imeyeyusha chokaa, yaani madini ya kalsiamu na fosforasi, ikabakisha protini iitwayo kolajeni. Moto nao umeteketeza kolajeni, ukabakisha chokaa.

Kila apitaye Pipeline au Tassia amewaona mafundi wakisimamisha nondo kwanza, kisha wakimwaga simiti. Kolajeni ndiyo nondo, chokaa ndiyo simiti. Nondo peke yake hupinda, na simiti peke yake hupasuka. Mtoto mwenye ugonjwa wa matege ni nyumba ambayo nondo zake zimesimama vizuri lakini lori la simiti halikufika, na wenyeji wamekwisha kuhamia ghorofani. Akianza kusimama, uzito wa mwili wake mwenyewe huipinda miguu.

(Wapenzi wa supu ya mifupa wasinichukie, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa unaochemshwa ni kidogo sana. Kikombe cha maziwa huishinda supu hiyo kwa mbali. Inyweni kwa utamu wake.)

Mfupa mrefu haurefuki katikati. Hurefuka karibu na ncha zake, mahali palipo na bamba jembamba la gegedu. Hapo seli hujipanga kama sarafu zilizowekwa moja juu ya nyingine, zikigawanyika na kuvimba, kisha sehemu iliyokomaa hupakwa chokaa na mfupa mpya huchukua nafasi yake. Kwa kuwa gegedu haionekani kwenye picha ya eksirei, bamba hilo huonekana kama ufa mweusi. Nimewaona wazazi wakishika vichwa wakidhani mtoto amevunjika mahali panne.

Bamba hilo hufunga wakati wa kubalehe kumalizika. Kwa wasichana walio wengi ni kati ya miaka 14 na 16, na kwa wavulana kati ya 16 na 18, ingawa wapo wanaotangulia na wanaochelewa. Likifunga, kimo kimefungwa.

Vijana wetu wa mpira wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka wa 2009, katika Kombe la Dunia la wachezaji wasiozidi umri wa miaka 17 lililofanyika Nigeria, FIFA ilianza kuwapima wachezaji vifundo vya mikono kwa mashine ya sumaku. Kilichokuwa kikitazamwa ni bamba lile lile. Cheti cha kuzaliwa unaweza kukipatia njia za mkato, lakini bamba lililokwisha kufunga halifunguki tena.

Na bamba hilo husema kweli hata baada ya muda ambao akili haiwezi kuukadiria. Mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa bingwa wa kutafuta visukuku, aliokota kipande cha fuvu karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kilikuwa cha binadamu wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na mifupa yake mingi ilipatikana hapo hapo. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 160, lakini ncha za mifupa yake mirefu hazikuwa zimeungana na vigogo vyake. Ndipo wanasayansi wakajua kwamba alikuwa mvulana aliyekuwa angali anakua. Mifupa yake huhifadhiwa hapa hapa Nairobi, na Makavazi ya Kitaifa.

Jua lapotelea wapi?

Sasa turudi kwa mtoto wetu mwenye matege. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wote imo katika mifupa na meno. Hiyo iliyobaki ni kidogo, lakini ndiyo inayoendesha moyo, misuli na neva, na mwili hauko tayari kuipunguza. Chakula kinapokosa kalsiamu, au utumbo ukishindwa kuifyonza, mwili hukopa kutoka mifupani. Na ili utumbo uifyonze vizuri unahitaji vitamini D. Bila vitamini hiyo, utumbo huchukua asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyo katika chakula.

Vitamini D haipatikani kwa urahisi katika vyakula vyetu vya kila siku. Imo katika samaki wenye mafuta, kwenye kiini cha yai na katika ini, lakini kwa kiasi kidogo. Maziwa ya mama, ambayo ni bora kwa kila kitu kingine, yana kidogo mno. Unga wa mahindi wa pakiti, ambao tangu mwaka wa 2012 sheria inataka uongezwe madini ya chuma, zinki, vitamini A na zile za kundi la B, haukuwekewa vitamini D katika orodha hiyo. Sehemu kubwa ya vitamini D ya mwanadamu hutengenezwa na ngozi yake mwenyewe ikipigwa na jua.

Wazungu walijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka wa 1822, daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, aliandika kwamba watoto wa ndani ya mji wa Warsaw walikuwa na matege kuliko wale wa mashambani, akashauri wapelekwe juani. Hakusikilizwa sana. Miji ya viwanda ya Uingereza, yenye moshi na vichochoro, ikajaa watoto waliopinda miguu. Ilikuwa mwaka wa 1919 ndipo Kurt Huldschinsky, huko Berlin, alipowaponya watoto wenye matege kwa kuwamulika kwa taa yenye miale kama ya jua.

Lakini Nairobi si London. Mji wetu uko takriban nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Jua tunalo. Kinachokosekana ni njia ya kumfikia mtoto.

Tazama tulivyojenga. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ina nyumba za chini zenye nyasi mbele na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Mtoto aliyezaliwa huko, au Maringo, au Jericho, akishaweza kuketi alikuwa uani pamoja na nguo zilizoanikwa. Nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake kutoka Huruma aliniambia hivi: "Daktari, sisi tulilelea watoto Bahati, na hiyo vitamini hatukuijua hata jina." Alikuwa akisema kweli, na hakuhitaji kuijua.

Leo nenda Pipeline, Huruma au Umoja Innercore. Ploti za ghorofa 7, 8 na zaidi zimesimama zikitazamana, na katikati kuna kichochoro ambacho watu wawili wakipishana huguseana mabega. Chumba cha ghorofa ya pili huwashwa taa saa sita mchana. Mama anayeuza Gikomba au anayefanya kazi ya kibarua Industrial Area huondoka alfajiri, na mtoto huachwa kwa mwanamke wa jirani anayelea watoto 10 au 15 katika chumba kimoja. Huyo naye, kwa kuhofia wasianguke ngazini au kuibwa, hufunga mlango. Paani kuna jua la kutosha, lakini mwenye ploti amefunga mlango wa paa kwa kufuli, na siwezi kumlaumu kabisa, kwani paa nyingi hazina ukingo wa kumzuia mtoto. Ongeza baridi ya Juni hadi Agosti, wakati mtoto hufunikwa sweta mbili, kofia na blanketi, hata akitolewa nje ni macho tu yanayoliona jua.

Haya si makisio yangu. Ripoti ya kitabibu iliyochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu mtaa mmoja wa mabanda wa Nairobi iliyaita matege ugonjwa unaoweza kuzuiwa lakini uliopuuzwa. Mwaka wa 2018 ukachapishwa uchunguzi mwingine kutoka mtaa wa aina hiyo hiyo wa watu wengi, uliowahusu watoto 21 wenye matege, umri wao kati ya miezi 3 na 24. Ulionyesha kwamba tatizo lao hasa lilikuwa ukosefu wa vitamini D, na kwamba tatizo hilo huandamana na utapiamlo. Ni vyema kulinganisha na Nigeria, ambako utafiti wa mwaka wa 1999 uligundua kuwa watoto wenye matege hawakukosa jua bali kalsiamu, kwa vile chakula chao kilikuwa nafaka tupu. Watoto wetu wako katika hatari ya kukosa vyote viwili. Mtoto anayeachishwa ziwa kwa chai isiyo na maziwa ya kutosha, mkate na ugali kwa mchuzi, hapati kalsiamu ya maana. Omena anayesagwa mzima mzima na mifupa yake, uji wa wimbi, maziwa na mboga kama terere ni vitu vya Kariobangi na Wakulima, si vya duka la kifahari.

Ipi ya kawaida, ipi ya hatari?

Si kila mguu uliopinda ni ugonjwa, na sipendi kuwatia wazazi hofu. Watoto karibu wote huzaliwa miguu ikiwa imejikunja kiasi, na upinde huo huweza kuonekana mpaka wafikie miaka 2. Kisha hugeuka upande wa pili, magoti yakagusana, hasa wakiwa na miaka 3 au 4. Wakifika miaka 7 miguu ya wengi imenyooka yenyewe. Kumbeba mtoto mgongoni hakusababishi matege. Nepi pia haina hatia.

Mlete mtoto aonwe ikiwa upinde unazidi baada ya miaka 2, au mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au hajatembea akifika miezi 18, au alikuwa akitembea akaacha. Shika kifundo cha mkono wake: kikiwa kinene, kimevimba bila maumivu kana kwamba kina viungo viwili, hiyo ni dalili kubwa. Pitisha vidole kifuani. Vinundu vilivyojipanga kwenye mbavu mithili ya shanga za tasbihi ni dalili nyingine. Utosi usiofunga, meno yanayochelewa, jasho jingi kichwani na vifua vya mara kwa mara pia hutokea. Mtoto mchanga mwenye upungufu mkubwa wa kalsiamu anaweza hata kupatwa na degedege bila homa. Huyo hangojewi hadi asubuhi.

Kwa mtoto wa kike jambo lina uzito zaidi. Mifupa ya nyonga ikipindika utotoni na kubaki hivyo, njia ya uzazi huwa nyembamba. Miaka 20 baadaye anafika hospitali ya uzazi akiwa na uchungu wa siku nzima, na mtoto hapiti.

Ushauri mmoja uliozoeleka inafaa usahihishwe. Akina mama wengi huambiwa wamwanike mtoto kwenye jua la saa moja asubuhi kwa sababu ni la upole. Jua hilo ni la upole kwa sababu halina miale inayotengeneza vitamini D kwa kiasi cha maana. Tazama kivuli chako: kikiwa kirefu kukupita, bado. Kikiwa kifupi kuliko wewe, yaani kuanzia saa nne hivi asubuhi, hapo ngozi inafanya kazi. Mikono na miguu iwe wazi, kichwa kikingwe, na mtoto aondolewe kabla ngozi haijachomeka. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, kwa hivyo dakika tano za kupita mlangoni hazitoshi. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kwa kuwa kioo huizuia miale yenyewe. Mtoto mwenye ualbino asianikwe kamwe. Yeye apewe vitamini kwa matone.

Matone hayo hayapaswi kuwa anasa. Mapendekezo ya wataalamu wa kimataifa yaliyotolewa mwaka wa 2016 yanasema kila mtoto apewe yuniti 400 za vitamini D kwa siku katika mwaka wake wa kwanza, hata anyonye au anywe maziwa ya kopo. Kwa anayeishi katika chumba nilichokieleza hapo juu, mimi ningeanza wiki hii. Aliyekwisha kupata matege huhitaji kipimo kikubwa zaidi pamoja na kalsiamu, kwa muda usiopungua majuma 12, na kipimo hicho kitolewe na daktari baada ya eksirei na damu kupimwa. Usinunue dawa kwa kukisia. Vitamini D ikizidi hudhuru figo. Kuna pia aina chache za matege yanayotokana na figo au kurithiwa, ambazo hazisikii dawa hii ya kawaida.

Miguu ya mtoto mdogo aliyetibiwa mapema mara nyingi hujinyoosha yenyewe bila kisu, maana yale mabamba ya gegedu bado yako wazi na kila mwezi yanaongeza mfupa mpya ulionyooka. Aliyecheleweshwa hadi akaanza shule huenda akahitaji upasuaji, kama ule unaofanyiwa watoto katika hospitali ya mifupa ya CURE kule Kijabe tangu mwaka wa 1998. Mabamba yakishafunga, fundi hana budi kuukata mfupa na kuupanga upya.

Kwa wanaotibiwa kwa matone, picha ya pili ya kifundo cha mkono hupigwa majuma machache baada ya dawa kuanza. Ile ncha ya mfupa iliyokuwa imechanika kama ukingo wa kitambaa kikuukuu huonyesha mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka. Hiyo ni chokaa mpya. Huwa naishika picha hiyo mbele ya dirisha ili mama auone mstari mwenyewe, kisha namwandikia matone ya mwezi unaofuata.